Kilima Kisichokuwepo

Adelaide, Australia
Jumapili asubuhi, mwezi wa kumi

Kwako Tata, baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama. Nadhani barua hii utaisoma ukiwa umekaa pale upande wa jua, miwani imeshuka puani, na Mama yuko karibu anakwambia usome kwa sauti naye asikie. Basi soma kwa sauti, yote ni yenu wawili. Mimi ni mzima. Nilikuwa na mafua yaliyonishika wiki mbili lakini yameniacha. Je, goti la Mama linasemaje siku hizi? Moraa aliniambia mvua ya mawe ilipiga Kimulot tena na majani yote ya juu yakatoboka kama chujio. Niambie kama michai imeanza kuchipuka, na kama ule upande wa bondeni uliponea. Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa?

Naandika kwa mkono kwa sababu wewe na simu hampatani. Miaka yote uliyokaa kando ya zile feni za mashine ya kukaushia chai ilikula masikio yako, na sasa nikikupigia unaniitikia "ndiyo, ndiyo, Mungu ni mwema" kwa kila ninalosema. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umekunywa dawa ya presha, ukanijibu majani ni kilo arobaini na mbili. Ndiyo maana napiga kurasa hizi picha, namtumia mdogo wangu Moraa, naye akitoka shule kufundisha anapitia saiba, kwenye duka la kompyuta, kuzichapisha kwa herufi kubwa.

Tata, kuna jambo ambalo nimekuficha tangu mwezi wa sita. Si ugonjwa, na sijafukuzwa chuo. Salamu fupi fupi nilizokuwa nikituma zilikuwa za mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Jambo lenyewe linakuhusu, maana wewe ulisimama mbele ya watu kwa ajili yangu. Nitalieleza polepole, na naomba usome hadi mwisho kabla hujajibu maswali ya Mama.

Wacha nianze na kazi yangu, kwa maana umeniomba mara mbili nikueleze bila maneno makubwa.

Kila kitu kimejengwa kwa atomi, na ndani ya kila atomi kuna kiini, na elektroni zinazokizunguka kiini hicho. Hayo Moraa huwafundisha wanafunzi wake. Kile ambacho vitabu vya shule havisemi ni kwamba elektroni haziendi kila moja kivyake. Zinasukumana, kwa hiyo kila moja inajali mwenzake iko wapi na kuikwepa. Mama anaujua mwendo huo. Yeye na Mama Chebet wa jirani wakichuma chai mstari mmoja, vikapu havigongani. Mmoja akielekea kushoto, mwingine ameshahamia kulia bila kuambiwa, na hawajaacha kuongea. Sisi tunataka kujua elektroni zinakwepana hivyo kwa kiasi gani. Na swali langu mimi ni hili: ukiimulika atomi kwa mwanga wa rangi inayoitaka, inachangamka, na elektroni yake moja inapanda na kukaa mbali zaidi. Sasa ikiwa kule mbali, bado inamjali mwenzake aliyebaki chini, au imemsahau?

Nimekuwa nikijiuliza swali hilo nikipika, nikifua, nikiwa kanisani hata. Kwa atomi zilizotulia watu wamepima miaka mingi. Kwa zilizochangamka ni wachache sana wamejaribu, maana haziwezi kukaa hivyo. Zinatulia tena kabla hata wazo la kufumba jicho halijakujia.

Ninatumia kalsiamu, hii hii ya kwenye maziwa na mifupa, kwa sababu ina elektroni mbili tu upande wa nje. Naipasha moto ndani ya kitanuri kidogo kama kidole gumba, inakuwa mvuke, na mvuke unapanda kama uzi ndani ya pipa la chuma ambalo pampu zimeondoa hewa yote. Upande mmoja namulika leza ya rangi ya zambarau. Upande mwingine narusha elektroni kutoka kwa kitu tunachokiita bunduki, ingawa haina mlio. Elektroni niliyoirusha ikigonga moja ya zile za atomi, zote mbili zinatoka mbio, na nina vyombo viwili vya kuzinasa. Zikifika kwa wakati mmoja kabisa najua zimetoka kwenye atomi moja. Halafu, kwa kasi zake na njia zilizochukua, napiga hesabu kurudi nyuma hadi nijue ile iliyogongwa ilikuwa ikienda vipi kabla haijaguswa. Zinazofika pamoja ni chache mno. Kuna siku mtu anaanza kupima asubuhi hadi jioni na alichopata kinaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mikono na miguu.

Katika barua yako ya mwezi wa tatu, chini kabisa baada ya salamu, uliandika mstari mmoja: "Unapima kitu usichokiona. Siku ukikosea, nani atakwambia?" Ukweli ni kwamba nilicheka. Nilidhani ni swali la mtu ambaye hajasoma fizikia, nikaikunja barua nikaiweka kwenye droo.

Mwezi wa nne ndipo nilipoona kilima.

Huwa napima mara mbili, leza ikiwaka na leza ikiwa imezibwa, kisha naondoa kipimo kimoja kutoka kwa kingine. Kinachobaki ndicho cha atomi zilizochangamka. Siku hiyo kilichobaki kwenye grafu kilikuwa na kilima kidogo mahali ambapo, kwa hesabu za mwenzangu Tuan, palipaswa kuwa tambarare kama uwanja wa shule. Tuan ni Mvietnamu, tunafanya kazi ofisi moja. Mimi napima, yeye anapiga hesabu za kutabiri nitakachokipima. Ana mke na mtoto mchanga, na huja kazini na madoa ya maziwa begani. Tulimwita Profesa Ingrid, mama anayetusimamia sote wawili. Aliiangalia grafu kwa muda, akavua miwani.

"Kemunto," akasema, "hiki hakijawahi kuonekana."

Nilipima tena na tena, mwezi mzima. Kilima hakikuondoka. Tuan akarudi kwenye hesabu zake, akaifuta ile ya kwanza, akaongeza hiki na kile, na wiki mbili baadaye akaja na hesabu mpya iliyopita juu ya kilima changu kama blanketi juu ya mtu aliyelala. Tukaandika muhtasari kwa ajili ya mkutano mkubwa wa wanasayansi wa mwezi wa saba, wakakubali nizungumze mbele ya watu wote. Ndipo nikakuandikia ile barua. Maneno yangu nayakumbuka: "Nimepata kitu kipya ambacho hakuna mtu duniani amewahi kukiona."

Nayakumbuka kwa sababu Moraa alikurekodi ukiyasoma kanisani. Alinitumia. Nilisikia sauti yako ikisimama kidogo kabla ya neno "duniani", nikasikia "amina" zikitoka upande wa wanaume kwanza kisha akina mama, na mchungaji akiomba wimbo wa shukrani. Halafu Moraa akaongeza yake mwenyewe, akiwa njiani kurudi nyumbani: "Kemu, habari imefika hadi kituo cha kupimia majani ya chai. Mzee arap Koech ameniuliza kama hiyo elektroni mpya itatuletea stima bila kununua tokeni. Nimemwambia aulize Tata." Nilisikiliza rekodi hiyo mara nne, na mara zote nne nilifurahi.

Sijui ni kwa nini swali lako lilinirudia. Nilikuwa naosha kikombe kwenye sinki la ofisini, wiki nne kabla ya mkutano. Siku ukikosea, nani atakwambia? Nikasimama na kikombe mkononi nikitafuta jibu, na jibu lilikuwa kwamba hakuna. Mimi napima, Tuan anaeleza, Profesa anafurahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anatafuta kosa. Nikajiuliza kitu cha kijinga: je, kama kilima hakitoki kwa atomi? Kama kinaletwa na mwanga wenyewe?

Kulikuwa na njia ya kujua, na ilikuwa rahisi hadi nikaona aibu. Kalsiamu inachagua sana. Ukiisogeza rangi ya leza kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona tofauti, kalsiamu inaukataa huo mwanga, unapita kana kwamba hakuna atomi pale. Basi nikiisogeza rangi, mwanga utabaki na nguvu ileile, utapita palepale, lakini hakuna atomi itakayochangamka. Kilima kikiwa cha kweli, lazima kiondoke.

Nikaisogeza siku ya Jumatatu na kuiacha mashine ihesabu. Sikumwambia mtu. Alhamisi saa nane mchana nikafungua grafu.

Kilima kilikuwepo. Urefu uleule, mahali palepale, kimelala kama ng'ombe barabarani.

Tata, nilitoka nje. Nyuma ya maabara kuna miti ya blugamu, mikubwa kuliko ile mliyokuwa mkiichoma kwenye boila kiwandani. Huku ndiko kwao hasa, ndiko mbegu zake zilikotoka kuja kwetu; nilipofika mara ya kwanza nilishangaa kukuta mti wa nyumbani kumbe mimi ndiye mgeni kwake. Jua la mwezi wa sita huku linapita upande wa kaskazini, limeinama, halina joto. Upepo ulipovuma nikapata harufu ya ovaroli lako la bluu, lile Mama alilokuwa akilianika peke yake mbali na nguo nyingine. Nikakaa chini.

Nitakuambia nilichofikiri, maana nimechoka kukificha. Nilifikiri kwamba hakuna aliyeniagiza kufanya jaribio lile. Faili lilikuwa moja, kwenye kompyuta moja, na nywila ni yangu. Nilifikiri juu ya miezi saba ya kupima. Ufadhili wangu ulikuwa unaisha Disemba. Nilifikiri juu ya Tuan na hesabu yake. Na nilifikiri juu yako ukiwa umesimama kanisani na ile suti ya kijivu. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Kisha nikaingia ndani nikachapisha grafu zote mbili, kabla akili haijanipa ushauri mwingine.

Profesa Ingrid alikuwa anakula tufaha.

"Nina jambo baya," nikamwambia.

"Baya la kuumwa au baya la kazi?"

"La kazi."

Nikaweka karatasi mbili mezani. Akazichukua, akazilaza moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani ili mwanga upite. Vilima viwili vikawa kimoja. Alizitazama hadi tufaha likabadilika rangi mezani.

"Nani alikwambia ufanye jaribio hili?"

"Baba yangu."

"Ni mwanafizikia?"

"Alikuwa fundi wa mashine za kukaushia chai."

Akashusha karatasi. "Mpe shukrani zangu," akasema. "Kazi ya kuliuliza hilo swali ilikuwa yangu mimi, na sikuliuliza."

Nilimwambia basi tuondoe jina langu kwenye mkutano. Akakataa. Akasema nitaenda na nitasema nilichokipata. Nikamwambia sijapata kitu. Akagonga ile karatasi ya pili kwa kidole. "Umepata hiki," akasema. "Sasa katafute kinatoka wapi, una wiki tatu."

Kumwambia Tuan kulikuwa kugumu zaidi. Alisikiliza bila kunitazama, macho kwenye kompyuta yake.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nimeeleza vizuri kabisa kitu ambacho hakipo."

Akafunga kompyuta akaenda nyumbani, na kwa karibu wiki mbili hakuniambia neno zaidi ya habari ya asubuhi. Sikumlaumu. Mimi niliamini macho yangu, lakini yeye aliniamini mimi.

Chanzo chenyewe mimi na Profesa tulikipata baada ya siku nane. Mvuke wa kalsiamu ulikuwa umeganda kwenye kuta za ndani ya pipa, kama utando wa maziwa kwenye sufuria. Kumbe ule mwanga wa zambarau una nguvu kiasi cha kung'oa elektroni kutoka kwenye utando huo. Elektroni hizo zilizong'olewa zilikuwa zinajikusanya kwenye kipande kidogo cha kauri karibu na chombo changu cha kunasia, na kwa kukaa pale zikasukuma kipimo changu kidogo sana. Ni kama mizani ya kituo cha majani upepo unapoipiga. Kila leza ikiwaka, grafu yote inahama nywele moja, ikizibwa, inarudi. Nikiondoa moja kutoka kwa nyingine, pale penye mteremko mkali panabaki tofauti, na tofauti hiyo ndiyo niliyoiita kitu kipya duniani.

Nakumbuka niliposhika kile kipande cha kauri kwenye kibano, cheupe, kidogo kuliko jino la mtoto, nilisahau kuhuzunika. Nilikigeuzageuza. Nilitaka kujua zilikaa pale elektroni ngapi, na kwa nini upande huu na si ule. Profesa akanitazama akacheka, akasema sasa anaona nimepona.

Dawa yake ndiyo itakayomchekesha Mama. Tulisugua pipa siku mbili hadi chuma kikang'aa. Kisha Profesa akatuambia tufanye walivyofanya wazee wa kazi hii zamani, tupake masizi. Kaboni inashika elektroni zake kwa nguvu, mwanga wa zambarau hauwezi kuzing'oa. Mama, ulinifundisha miaka yote kusugua masufuria kwa majivu hadi nijione uso, nami nimevuka bahari kuja kushika mshumaa chini ya chuma safi hadi kiwe cheusi. Nilipaka taratibu, pembe kwa pembe, na nikasifiwa. Siku ya pili ya kupaka mlango ulifunguka, Tuan akaingia, akavua saa yake akakunja mikono ya shati, akachukua mshumaa mwingine. Tulifanya kazi labda saa nzima kabla hajaongea.

"Hesabu ya kwanza niliifuta mwenyewe," akasema. "Haukuwa ushahidi ulionifanya niifute. Nilitaka tu ikubaliane na wewe."

"Bado unayo?"

"Sifuti kitu kabisa. Mke wangu analalamika."

Ndipo nikajua tumepatana.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi mkubwa wenye viti vyekundu. Nilibadilisha kichwa cha mazungumzo yangu kiseme wazi kwamba kilima kilikuwa kosa. Nilipofika kwenye ile grafu ya pili, ya Alhamisi, nililaza mikono juu ya meza nikaieleza. Nilimaliza, watu wakapiga makofi ya adabu, na nikadhani yameisha. Kisha mzee mmoja mwenye ndevu, kutoka maabara ya nchi nyingine, akasimama nyuma.

"Sisi pia tuna kilima," akasema. "Cha bariamu. Kiko kwenye droo miaka miwili, tuliogopa kukichapisha na tuliogopa kukitupa. Naomba unieleze tena kuhusu hayo masizi."

Watu wakacheka, lakini si kwa kunicheka. Wakati wa chai nilizungukwa na watu sita, kila mmoja na kalamu, wakiniuliza mshumaa ni wa aina gani.

Sasa nifike kwenye mambo mawili ninayotaka kukuomba.

La kwanza ni hili. Kwa vile miezi ile saba ilikwenda bure, Profesa aliandika barua, nikaongezewa muda hadi mwezi wa nane mwaka ujao. Hiyo ni habari njema, lakini ina upande wake wa pili: Disemba sitakuja. Najua Mama ameanza kumnenepesha jogoo. Nilitaka kukwambia hilo mwenyewe, si kupitia kwa Moraa. Nililia nilipopata ile barua na sikujua ninalilia upande upi.

La pili ni gumu, na unaweza kulikataa. Nakuomba usimame tena kanisani, pale pale, uwaambie kwamba nilikosea. Uwaambie nilichokiona hakikuwepo, kwamba niligundua kosa hilo mwenyewe kwa swali lako, na nimelisema mbele ya wakubwa wa kazi hii. Naweza kusubiri nije niseme mwenyewe, lakini ni muda mrefu watu kukaa na neno lisilo la kweli, tena wameliombea. Najua itakuwa aibu kwako kabla haijawa kwangu. Ukiona huwezi, niandikie tu, sitauliza sababu. Nimekuogopa wewe zaidi ya Profesa, zaidi ya ule ukumbi. Hata sasa, nikiandika sentensi hii, nimeinuka mara mbili kuchemsha maji ambayo siyahitaji.

Nimalizie na habari ya wiki hii, ndiyo iliyonipa nguvu ya kushika kalamu.

Tangu mwezi wa nane tumekuwa tukipima upya kwenye lile pipa jeusi. Mara hii, kila nikipima na rangi sahihi napima pia na rangi iliyosogezwa, siku kwa siku, hata kama inanichukua muda mara mbili. Kilima kimekufa kabisa. Mahali pake ni tambarare, na nimejifunza kuupenda utambarare. Lakini pembeni, mahali ambapo sikuwa nikiangalia kwa sababu kile kilima kilikuwa kimenijaza macho, mstari umeinama kidogo. Si kilima. Ni kuinama tu, kama shamba linavyoanza kushuka kabla hujajua uko kwenye mteremko. Nikiisogeza rangi ya leza, kuinama kunaondoka. Nikiirudisha, kunarudi.

Ijumaa saa tano asubuhi nilimwita Tuan. Alikwenda kwenye kompyuta yake akatafuta ile hesabu ya kwanza, aliyoifuta bila kuifuta, akaiweka juu ya vipimo vyangu. Inapita karibu. Haigusi kila mahali, lakini inainama pale pale vyangu vinapoinama. Halafu akasema, "Haijamsahau." Alimaanisha ile elektroni iliyo mbali. Iko kule juu peke yake, na bado inamkwepa mwenzake aliyebaki chini, zaidi hata ya vile hesabu inavyosema. Kwa nini zaidi, hatujui. Nimeshaanza kulala na swali hilo.

Hili nawaambia ninyi wa nyumbani peke yenu. Nataka kwanza kupima tena kwa kalsiamu mpya, kwa kitanuri kipya, na mtu mwingine ashike mashine nisipokuwepo. Kanisani, Tata, usiseme bado.

Nisalimieni Mama Chebet jirani yetu na wanawe. Mzee arap Koech mpe chamge yangu, salamu ya kwao, na mchungaji na akina mama wa kwaya walioniimbia. Tata mdogo kule Sigowet mwambie nilipata picha za nyumba mpya, mabati yamekaa vizuri. Moraa, wewe unayechapisha haya, usinirekebishie Kiswahili kama daftari la mwanafunzi. Waache wazazi wasome nilivyoandika.

Mungu awatunze, na mvua ya mawe ipite mbali.

Ni mimi binti yenu,
Kemunto